Mnaoanza kufuatilia makangaga (fern) huku kusini mwa Tanzania, someni hapa kwanza

Wadogo zangu, kuna kitu mi nilijifunza kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza nilipanda mawe ya Masasi mwezi wa tisa, jua linawaka, nikakuta vijani vimejikunja rangi ya tumbaku, nikaandika kwenye fomu "yamekufa" nikashuka zangu kula. Mwezi wa kwanza narudi na bosi, mvua imeshapiga kama wiki hivi, palepale pamejaa vijani vibichi vimetanuka kama pepeo za jiko la mkaa. Ndo Actiniopteris hiyo, kangaga la mawe, ikikosa maji inajikunja inalala, ikinyeshewa inaamka. Bosi akaniangalia tu, hakusema kitu.

Tangu hapo siandiki "haipo" wala "imekufa", naandika "sijaona", tarehe, na mvua ilikuwaje. Huku kwetu msimu wa mvua ni mmoja, Novemba au Desemba mpaka Aprili hivi, sasa ukilinganisha Septemba ya mwaka huu na Februari ya mwaka jana utadhani msitu umeungua. Rudi mwezi uleule, sehemu ileile. Na sehemu sio "karibu na mkorosho mkubwa" jamani, mkorosho upi? GPS ya simu chini ya miti minene ya misitu ya Rondo au Litipo inarukaruka, tulia, subiri zile mita za makosa zishuke, na zenyewe uziandike.

Picha sasa. Kila mtu anapiga jani kwa juu maana ndo linapendeza, halafu anatuma kwenye grupu "hii nini?". Kangaga halina ua wala mbegu, mara nyingi siri iko chini ya jani kwenye vile vidoti vya kahawia vyenye vumbi la spora, ndo linazaliana nazo. Geuza jani upige, kisha piga pale linapotokea na manyoya yake, sarafu ya mia pembeni, na usiling'oe. Lile la mikokoni, Acrostichum aureum, halina vidoti, vijani vyake vya juu vinakuwa na kahawia kama kutu upande wote wa chini, kuna mgeni wetu alijaza "ugonjwa" kurasa tatu.

Ukienda mikoko ya Mikindani waulize wavuvi habari za maji, bamvua likirudi halibishi hodi. Na usiingie porini bila kupita ofisi ya kijiji, maana mtu anayeinamainama na kamera na kijitabu huku kusini, watu wanajua anatafuta rupia za Mjerumani, zile hela za zamani wanazosema zilifukiwa.