Uhuru walikuwa nao, mchango hawakutoa

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni: makoloni ya Mwingereza yalipataje uhuru, na yakajiundiaje serikali ya kikatiba? Nadhani wengi watawajibu kwa habari za bendera yetu ya 1963. Mimi naanza na wale waliotutangulia, makoloni 13 ya Marekani, maana shuleni tulikaririshwa 4 Julai 1776, siku waliyotangaza uhuru, kana kwamba kesho yake waliamka na rais. Rais wao wa kwanza, George Washington, aliapishwa 30 Aprili 1789. Hiyo miaka karibu 13 ya katikati ndiyo yenye utamu.

Vita vyenyewe nitavipita haraka. Mwingereza alikuwa amepigana na Mfaransa, akabaki na deni, akataka walowezi wa Marekani wamsaidie kulilipa: kodi ya stempu 1765, kisha chai. Wao wakauliza, kodi ya nini na hatuna mbunge London? Chai ikamwagwa baharini Boston mwaka 1773, risasi zikalia 1775, Mfaransa akaja na manowari zake kulipiza kisasi, na 1783 mkataba ukatiwa saini Paris.

Basi wakabaki wenyewe kwa wenyewe. Mimi ni mweka hazina wa chama cha watu 22 hapa Nakuru, na niliposoma mapatano yao ya kwanza ya shirikisho nilicheka peke yangu. Kongresi, yaani baraza lao la pamoja, ilikuwa na ruhusa ya kuomba mchango kwa majimbo (ndiyo yale makoloni 13), lakini haikuwa na njia ya kumshika asiyetoa. Kila jimbo lilikuwa na kura moja, kubwa kwa dogo. Kubadilisha kifungu chochote kulihitaji wote 13 wakubali. Walipotaka ushuru wa asilimia 5 tu kwa bidhaa zinazoingia bandarini, Rhode Island ikakataa, na mambo yakaishia hapo. Sisi pia tunaye mwanachama wa namna hiyo. Simtaji, atajijua akisoma.

Askari walioleta uhuru walirudi nyumbani na karatasi za ahadi badala ya mshahara. Huko Massachusetts wakulima wakaanza kunyang'anywa mashamba kwa madeni na kodi, wakafunga mahakama kwa nguvu. Januari 1787 Daniel Shays, aliyekuwa kapteni katika vita hivyohivyo, akawaongoza kuivamia ghala ya silaha ya Springfield. Serikali ya shirikisho haikuwa na jeshi la kutuma, na kikosi cha kuwasaka kililipiwa na matajiri wa Boston. Hofu hiyo, kwa maoni yangu, iliwasukuma viongozi wa majimbo kukutana mjini Philadelphia kuliko falsafa yoyote.

Wajumbe 55 walikutana huko kuanzia Mei hadi Septemba 1787, joto kali, madirisha yamefungwa na mlinzi mlangoni ili siri isitoke. Rhode Island haikutuma mtu. Walikuwa wametumwa kukarabati mapatano ya zamani, wao wakayaweka kando na kuandika katiba mpya. Kisha wakaamua wenyewe kwamba majimbo 9 yakiridhia inatosha, ingawa sheria iliyokuwapo ilidai yote 13. Ningejaribu hivyo chamani ningefukuzwa siku hiyohiyo. Rhode Island ilijiunga Mei 1790, kwa kura 34 dhidi ya 32.

Majimbo makubwa na madogo yalipatana hivi: seneti kila jimbo watu wawili, bunge la wawakilishi kwa wingi wa watu. Hapo likazuka swali la watumwa, wahesabiwe au la? Wakakubaliana kila watano wahesabiwe kama watatu, na viti vya ziada vikaenda kwa mabwana zao. Neno “mtumwa” hamlioni popote katika katiba ile ya 1787. Wameandikwa “watu wengine wote”. Aibu walikuwa nayo, ila si ya kuwazuia.

Sasa nirudi kwetu kidogo. Mwaka 1960, kwenye mkutano wa kwanza wa Lancaster House, London, wa kujadili katiba ya Kenya, wajumbe Waafrika wa Kenya walikuwa na mshauri wa sheria Mmarekani mweusi, Thurgood Marshall, aliyealikwa na mwanasiasa wetu Tom Mboya. Kitukuu cha mtumwa. Aliwaandalia rasimu ya haki za raia, na ndani yake akakazia ulinzi wa mali: shamba la mtu lisichukuliwe bila fidia ya haki. Kwa Kenya ya wakati ule, wenye mashamba ya kulindwa hasa walikuwa walowezi wazungu. Ardhi yao ikaja kununuliwa kwa mikopo, nyingine kupitia mpango wa ekari milioni moja, wa kuwapa Waafrika mashamba ya walowezi. Babu yangu alipata ekari zake Nyandarua kwa njia hiyo. Stakabadhi za malipo yake bado ziko kwa shangazi, kwenye sanduku la bati, zimefungwa kwa uzi wa katani.