Mchumba wangu anakuja Tanga, nimpeleke wapi asinione nimebadilika?

Barua ya leo imetoka kwa binti wa miaka 26, kwao Makambako, alihamia Tanga mwanzoni mwa mwaka kwa ajili ya kazi kwenye ofisi moja ya mizigo karibu na bandari, amepanga chumba Chumbageni. Nimeifupisha:

"Shangazi shkamoo. Mchumba wangu ni fundi seremala, yuko nyumbani Makambako, posa bado ila nyumbani wanamjua. Anakuja kunitembelea siku nne na hajawahi kufika Tanga wala kuiona bahari. Nimempangia ratiba nzuri tu lakini juzi kwenye simu akaniambia nikija usinipeleke sehemu za kunifanya nionekane mshamba, nililia sana. Siku hizi kipato changu kimempita na nahisi kinamuuma. Kuna kaka mmoja ofisini amejitolea kutuzungusha na gari yake, tena bure. Na mama mwenye nyumba hataki wanaume walale. Nifanyeje Shangazi ili aipende Tanga na asione nimebadilika? Halafu siku ya kumpokea stendi nivae dera au zile nguo alizonizoea nazo?"

Marahaba mwanangu, na karibu Tanga ingawa ushakaa. Kitu cha kwanza nimeiangalia ile ratiba uliyoiweka chini ya barua, mapango ya Amboni, magofu ya Tongoni, kisiwa cha Toten, Raskazone, Pangani, hoteli yenye bwawa, mnara wa saa, halafu Pangani tena sijui ulijisahau, na hizo siku nne ukitoa ya kwanza anafika usiku na ya mwisho anaamkia stendi zinabaki mbili. Hata watalii wenye gari lao hawakimbizwi hivo. Na kwenye orodha yote hiyo sijaona unapokaa, sijaona ofisi yenu hata kwa nje, sijaona yule mama wa vitumbua uliyenieleza kwamba ndo mtu wa kwanza kukuzoea hapa mjini. Sasa huyo kijana anakuja kumuona nani?

Ile kauli yake ya ushamba wewe umeisikia kama dharau, mie naona ni mtu ana hofu. Mwaka mzima anasikia kwenye simu jijini kwetu, bandarini, ofisini kwetu, na Tanga ni jiji kweli tangu 2005 hakuna anayebisha, lakini ni jiji la baiskeli jamani, mtu anatoka Ngamiani mpaka Uhuru Park kwa miguu na njiani kasalimiana na watu kibao. Umemkuzia mji mpaka unamtisha, mpunguzie. Mwambie ukweli kwamba hata weye miezi ya mwanzo ulikuwa unajua njia ya kazini na ya sokoni basi, na kwamba Amboni kwenyewe hujafika, maana umeniandikia hujafika! Hapo ndo pazuri sasa, mtaenda wote wawili wageni na hakuna wa kumuonyesha mwenzie ujanja.

Kwa hiyo siku moja iwe ya Amboni. Ni kama kilomita 8 tu kutoka mjini ukishika barabara ya kwenda Horohoro, bajaji inafika, patana bei ya kwenda na kurudi kabisa kabla hujapanda. Vaeni viatu vya kufunga sio ndala, ndani kuna giza na popo na kuna sehemu mtainama mpaka mgongo ulalamike, mtapewa mtu wa kuwaongoza mwenye tochi na huyo ndo raha yenyewe maana hadithi anazo, za mizimu na watu wanaoacha sadaka mle ndani, za njia ambazo eti zinatokea Mombasa, za Osale Otango, anayesemwa alikuwa mpiganaji wa Mau Mau, aliyejificha humo miaka ya 1950 huku Wazungu wanamtafuta. Ya Mombasa msiiamini ila msimkatize. Mkirudi mmechoka hivo msiende kokote tena, Pangani futa kabisa, ile ni safari ya siku nzima na anastahili kuja tena kwa ajili yake.

Bahari sasa. Mtu ambaye hajawahi kuiona usimpeleke hotelini kwenye bwawa, huo ni ukatili. Mpeleke Raskazone jioni, lakini uliza kwanza maji yanajaa saa ngapi maana mkifika yamekupwa atakuta matope na majani halafu ataona aibu kukuuliza ndo hii? Akigoma kuingia majini mwache alowe miguu tu, wewe mwenyewe nina uhakika hujui kuogelea, mtu wa Makambako. Na asubuhi mdamkie kule Deep Sea samaki wanaposhushwa na kunadiwa, mwachie yeye ndo apatane bei, fundi anayeuza vitanda na makabati anajua kubishana bei kuliko wewe unayekaa ofisini, mkanunue samaki wenu aina ya changu mkapike. Akikataa pweza usimcheke wala usimwambie ni ushamba kwa utani, neno hilo kwa siku hizo nne lisikutoke kabisa.

Kama Coastal Union au African Sports wana mechi Mkwakwani siku hizo, hapo futa kila kitu mwende. Coastal, wenyewe wanaitwa Wagosi wa Kaya, walishachukua ubingwa wa Tanzania 1988 na wazee wa jukwaani wanaisimulia kana kwamba ilikuwa jumapili iliyopita, ataongea na watu humo bila wewe kumtambulisha, na atatoka kaitwa mgosi, yaani mwanaume, mara nyingi tu. Vile vile mtafutie baiskeli, mji ni tambarare, yeye wa milimani atashangaa kuendesha bila kushuka kusukuma. Mkipita huko mjini kwenye majengo ya Mjerumani mpe ile ya Novemba 1914, Waingereza walileta jeshi kubwa kutoka India kuja kuuteka mji wakachapwa na Mjerumani aliyekuwa na askari wachache, na nyuki nao wakaingia vitani. Wanaume wanaipenda hiyo sijui kwa nini.

Tuje kwa huyo kaka wa gari. Hapana. Sijasema ana nia mbaya, simjui, inawezekana ni muungwana kabisa, ila fikiria mwenzio kasafiri siku nzima kwa basi kuja kwako halafu anakaa siti ya nyuma ya gari la mwanaume mwingine anayejua utani wenu wa ofisini na anajua unapenda soda gani, na mafuta kaweka yeye, na akishuka inabidi aseme asante kaka. Mshukuru mwambie mgeni wangu anapenda kutembea. Kama unataka wajuane, na ni vizuri wajuane, basi iwe kwenye kahawa jioni na wafanyakazi wenzio wengine wawepo, nusu saa, mnaaga.

Hela ndo ngumu zaidi na umeigusa mstari mmoja tu ukaikimbia. Usimpenyezee noti chini ya meza kama unahonga trafiki ili aonekane kalipa yeye, wanaume wanaliona hilo na linawauma kuliko ungelipa waziwazi. Kabla hajapanda basi mpigie mwambie hivi, wewe nauli imekula hela nyingi, huku mimi mwenyeji, bajaji na viingilio juu yangu, chakula cha nje chagua wewe tule wapi na ulipe. Akichagua mihogo na mishkaki ya barabarani kula kwa furaha, tena ndo tamu. Na kwa vile kazi zake ni za mbao mpitishe kwenye karakana za mafundi seremala hapo mjini, sio kwa kumwambia angalia fursa, aa, pitieni tu, ataingia mwenyewe kuuliza bei ya mbao na wanauza kitanda shilingi ngapi. Kama iko siku mtaamua nani amfuate mwenzie, nawe najua hilo ndo linalokuliza usiku kuliko ratiba, ni bora awe kashaongea na mafundi wa hapa kwa mdomo wake. Lakini weye usilianzishe kwenye hizo siku nne. Akilianzisha yeye mjibu ukweli, kwamba kazi yako unaipenda na hujui bado.

Mama mwenye nyumba yuko sahihi na mji huu una macho. Mtafutie gesti safi jirani, lipia kabla, na mtaarifu mama mapema kwamba mchumba wako anakuja na utamleta kumsalimia. Mwambie kijana abebe maparachichi ya huko kwenu na viazi kidogo, akifika akae sebuleni ampe mama mkononi, shkamoo yake iwe ya nguvu. Baada ya hapo hakuna mpangaji atakayenong'ona, na mchana mlango ukiwa wazi atakaa kwako akarekebishe lile kabati ulilosema mlango wake haufungi. Mpe hiyo kazi kwa kweli, siku ya pili asubuhi kabla jua halijawa kali. Gesti iwe na feni inayozunguka, kaijaribu mwenyewe uone, mtu katoka kwenye baridi ya Makambako usiku wa kwanza na joto letu hili hatalala na ukimpangia safari alfajiri mtagombana bure.

Stendi nenda mapema, basi likichelewa usimpigie kila dakika, simu yake itakuwa imeisha chaji tangu Chalinze. Na vaa dera mwanangu, hapo stendi ya Kange hata usiku ni joto, hizo sweta alizokuzoea nazo utazivaa ukienda kwao.