Range Rover ya 2010: usiangalie suspensheni tu

Ndugu yangu, umesema umepata Range Rover ya 2010 kutoka Uingereza, iko hapa Shangani, Mtwara, hela ya korosho imeshaingia, na unauliza kama suspensheni ya hewa, zile springi za hewa zinazobeba gari, itakusumbua. Itakusumbua. Ukiliegesha usiku ukalikuta asubuhi limechuchumaa upande mmoja, ujue linavuja. Lakini hilo linakula hela tu. Mimi ningeanza na eabegi, ule mfuko unaofumuka kumkinga mtu wakati wa ajali.

Kule Marekani, Range Rover za 2007 hadi 2012 ziliitwa zirudi kwa mawakala zibadilishwe eabegi ya kampuni ya Takata upande wa abiria. Baruti ya kuifumua, amonia naitreti, ikikaa miaka kwenye joto na unyevu inaharibika. Siku ya ajali kopo lake la chuma linapasuka na kurusha vipande usoni mwa mtu. Joto na unyevu, yaani Mtwara yetu hii hii! Vipuri vilikuwa haba, magari yakaitwa kwa awamu, mengine yakasubiri miaka. Na barua ya wito inakwenda kwa mmiliki anayejulikana huko, si kwako.

Chukua namba ya chesisi, ina herufi na tarakimu 17, iko chini ya kioo cha mbele. Mpelekee wakala wa Land Rover akuangalizie. Kisha washa swichi: taa ya eabegi iwake sekunde chache, izimike. Isipowaka kabisa, shtuka. Nimeshaona moja Mikindani imezibwa na utepe mweusi nyuma ya dashibodi.

Muuzaji akigoma kutoa namba, mwachie gari lake.