Mmepima UKIMWI kabla ya ndoa. Na homa ya ini B je?

Wachumba wengi siku hizi wanapima kabla ya ndoa, na wachungaji na masheikh wengi wanayadai majibu hayo. Jambo zuri. Ila kinachodaiwa ni UKIMWI tu. Wakitoka salama wote wawili, wanaendelea na vikao vya harusi. Homa ya ini B haitajwi, ingawa nayo hupita kwenye shahawa, majimaji ya ukeni na damu, tena kwa wepesi kuliko virusi vya UKIMWI. Kwa hiyo ukiwa na haraka, chukua hili moja uende nalo: ukifika maabara, itaje kwa jina. Sema, "Naomba nipimwe na homa ya ini B." Usipoitaja, huenda usipimwe kabisa.

Nasema haya kwa sababu mume wangu anavyo virusi hivyo. Tulijua tukiwa tayari kwenye ndoa, na mtoto tumeshapata. Alikwenda kuchangia damu kwa ajili ya operesheni ya dada yake, na damu inayochangwa Damu Salama, mpango wa taifa wa uchangiaji damu, hupimwa UKIMWI, kaswende, homa ya ini B na homa ya ini C kabla ya kupewa mgonjwa. Baadaye akapigiwa simu arudi kuzungumza na mshauri. Hakuwa anaumwa popote. Mpira anacheza, ugali anamaliza, macho meupe pee. Wengi wenye virusi hivi wako hivyo, miaka nenda rudi, mpaka ini lianze kusinyaa au saratani ijitokeze.

Jioni ile aliiweka karatasi juu ya friji, akaibana na kadi ya bima, akaniambia, "Mama, kaisome ile, halafu tuongee." Ilikuwa na mstari mmoja tu wa maana: HBsAg, yaani kipimo cha virusi vya homa ya ini B, na mbele yake chanya.

Swali lililonijia ni lile lile ambalo lingemjia mke yeyote: kavitoa wapi? Na hapa naomba nikae kidogo, maana nimeona ndoa za watu zikiyumba kwa sababu ya swali hili. Mtu mzima mwenye afya akiambukizwa, mara nyingi mwili wenyewe unavishinda. Wanaobaki navyo moja kwa moja ni chini ya 5 kati ya 100. Mtoto mchanga anayeambukizwa na mama yake wakati wa kuzaliwa mambo ni kinyume kabisa: karibu 90 kati ya 100 hubaki navyo. Tanzania iliingiza chanjo ya homa ya ini B kwenye chanjo za watoto mwaka 2002. Mume wangu kazaliwa miaka ya themanini. Kwa umri wake, na virusi ambavyo vilirudi kuonekana kwenye kipimo baada ya miezi sita kupita, daktari alituambia uwezekano mkubwa ni kwamba amevibeba tangu akiwa mtoto. Kwa maneno mengine, karatasi ile haikuwa ushahidi wa mchepuko. Inawezekana kabisa mtu mzima akavipata kitandani, na wengi huvipata huko, lakini kipimo hakisemi ni lini wala kwa nani. Usimfukuze mtu kwa karatasi isiyosema hayo.

Swali lenye kazi ni jingine: wewe uliyelala naye uko wapi? Nesi aliyetupokea aliniuliza, "Na wewe mama, umeshapima?" Nikamwambia nilipima kliniki nikiwa mjamzito. Akacheka kidogo. "Ulipima UKIMWI na kaswende. Hiki nacho ulipima?" Nikafungua kadi yangu ya kliniki pale pale. Hakikuwepo.

Sasa utaratibu, maana hapa ndipo watu wanapochanganya. Unapima kwanza, unachanja baadaye. Zahanati moja niliyoipitia ilitaka kunichoma sindano bila kunipima, ilimradi nilipe. Nikaondoka. Chanjo haimdhuru aliye na virusi, lakini pia haimsaidii chochote. Atabaki anaamini amekingwa huku anawaambukiza wengine na ini lake halifuatiliwi. Omba HBsAg, inayoonyesha kama virusi vipo. Ukiweza, omba na vile vipimo vya kingamwili, kwa sababu wapo walioishi na mwenye virusi, wakaambukizwa, na miili yao ikamaliza kazi kimyakimya. Hao wana kinga tayari na chanjo hawaihitaji. Na kama mlikutana kimwili juzi, elewa kwamba virusi huchukua kama siku 30 hadi 60 kuonekana kwenye kipimo. Majibu mazuri ya leo yanahitaji kurudiwa.

Mimi nilikutwa sina virusi wala kinga. Nikaanza sindano: ya kwanza siku ile, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu mwezi wa sita tangu ya kwanza. Inachomwa begani, mkono unauma kama siku mbili, basi. Ya tatu ndiyo inayopotea. Unakuwa mzima, umeshasahau, mwezi wa sita unapita, unasema nitakwenda nikipata nafasi. Mimi niliiandika kwenye simu na mume wangu kwenye ya kwake, akawa ananiudhi wiki nzima kabla ya tarehe. Ukichelewa, huanzi upya. Nenda ukamalizie iliyobaki.

Halafu kuna hatua ambayo wengi hawaambiwi. Kwa anayeishi na mwenye virusi, mwezi mmoja hadi miwili baada ya sindano ya mwisho, pima kiwango cha kingamwili. Kikifika 10 au zaidi, umekingwa. Kisipofika, daktari atakupangia kurudia dozi. Chanjo inawapa kinga zaidi ya watu 95 kati ya 100 kwa watoto na vijana, lakini umri ukisogea, au ukiwa na kisukari au unavuta sigara, mwili unaweza kuitikia kivivu. Kwenye ndoa kama yangu, kudhani hakutoshi.

Katikati ya hiyo miezi ni kondomu, bila mjadala. Ndiyo, hata kwa watu waliofunga ndoa kanisani. Mume wangu alizinunua mwenyewe na kuziweka kwenye droo ya kitanda, na hilo lilinipunguzia mengi ya kusema. Kwa njia ya nyuma hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu ngozi ya ndani huchanika kirahisi; nalisema kwa kuwa wapo wanaodhani njia hiyo haina madhara. Kondomu ikipasuka na hujachanjwa, usisubiri wiki ipite. Chanjo inayoanza ndani ya saa 24, pamoja na sindano ya kingamwili pale inapopatikana, inaweza kuzuia maambukizi.

Nje ya kitanda, kinachotakiwa kutengwa ni kile kinachogusa damu: wembe, mswaki, mashine ya kunyolea, kikata kucha. Virusi hivi vinaweza kukaa hai nje ya mwili angalau siku saba, hata kwenye tone lililokauka. Kikombe, sahani, kukumbatiana, kulala shuka moja, havihusiki. Wifi yangu mmoja alimnunulia kaka yake bakuli la rangi tofauti ili lisichanganyike na vyombo vingine. Sikugombana naye. Niliendelea kupakua mboga kwenye bakuli lile na kulila mimi, mbele yake, hadi likarudi kabatini na mengine.

Mtoto wetu alikuwa amepata zile chanjo zake za penta za wiki ya 6, 10 na 14, na ndani yake chanjo ya homa ya ini B imo. Tulimpima hata hivyo. Yuko salama.

Kwa upande wa mume wangu, kuwa navyo siyo lazima kunywa dawa siku hiyo hiyo. Wanaangalia wingi wa virusi, vipimo vya ini na altrasaundi, ndipo wanaamua. Yeye sasa anameza tenofovia, kidonge kimoja kwa siku. Dawa hii inatumika pia kwenye mchanganyiko wa dawa za UKIMWI, na ndiyo maana mwanzoni alikuwa anakwenda dirisha la dawa na kofia imeshushwa usoni. Haiviondoi virusi kwa wengi, inavibana. Kuiacha ghafla bila daktari ni hatari, ini linaweza kuwaka upya. Pombe aliacha. Mizizi ya kwenye madumu inayouzwa kuwa inasafisha ini tulikataa, hata ile aliyotuletea shangazi kwa upendo, kwa sababu ini lenye ugonjwa ndilo linalopaswa kuichuja. Na mahindi au karanga zenye ukungu hazipikwi kwetu; sumukuvu na virusi hivi vikikutana, hatari ya saratani ya ini inapanda sana.

Mtaulizia homa nyingine za ini. C huenezwa zaidi kwa damu, kwa ngono ni mara chache, haina chanjo lakini ina tiba ya vidonge inayoponya zaidi ya 95 kati ya 100. A ni ya uchafu kuingia mdomoni, kwa hiyo ngono inayogusisha mdomo na njia ya haja kubwa inaweza kuieneza. Nayo ina chanjo.

Mkishamaliza nyumbani kwenu, geukieni ndugu wa damu. Kama aliambukizwa utotoni, waliozaliwa na mama yule yule nao wapime. Kwetu ilichukua vikao. Kaka mkubwa alisema hana muda wa kutafuta magonjwa. Dada aliyefanyiwa operesheni alipima na kukutwa navyo, sasa wanakwenda kliniki pamoja na mume wangu. Mdogo wao wa mwisho alikuwa anajiandaa kwenda Oman kikazi, na homa ya ini imo kwenye vipimo vya afya wanavyodai kabla ya kukupa viza, akaona bora ajue mapema akiwa hapa. Hana. Alichomwa ya kwanza wiki ile ile, ya pili kabla ya safari, na ya tatu atachomwa huko huko Muscat.