"Run" ina maana ngapi? Anza na kinachokimbia

Ndugu uliyeomba msaada wa kutafsiri kutoka Kiingereza tangazo la kioski cha maji Nyalenda, Kisumu, kamusi haina kosa. Umeona kitenzi "run", ukachukua "kimbia", ukaitumia kote. Matokeo yake "kioski hiki kinakimbiwa na kikundi cha akina mama" sasa inasema akina mama wanakitoroka!

Kamusi kuu ya Oxford ilipokichambua upya kitenzi hicho ilifikisha maana 645. Usijaribu kuzikariri. Tazama kwanza ni kitu gani kinachofanya hiyo run. Maji hutiririka, na maana hiyo ni ya tangu zamani: rinnan ya Kiingereza cha kale ilikuwa kukimbia na kutiririka pia. Kitenge kipya kikiloweshwa hutoka rangi (kuchujuka ni baadaye, rangi ikishafifia). Barabara ya Kisumu hadi Busia hupitia Maseno, Luanda na Ugunja. Pua? Mtu anatokwa na kamasi. Mwanasiasa huwania ugavana. "Kukimbilia ugavana" ina kejeli ndani yake.

Kisha angalia kama kuna kitu kinachotendwa. "Run a shop" ni kuendesha duka. Usiandike "kumiliki", kwa sababu anayeliendesha huenda ni mwajiriwa tu. Wakati mwingine njia nyepesi ni kukanusha: kumwambia dereva aache injini "running", sema "usizime injini".

Wengi huteleza kwenye "run out". Kiingereza humweka mtu mbele. Sisi tunaweka kilichoisha mbele, mtu anabaki silabi moja katikati ya kitenzi: klorini imetuishia, unga umewaishia, salio limeniishia. "Tumeishiwa na klorini" pia ni sawa. "Tumekimbia nje ya klorini" haieleweki hata kwa aliyeiandika.

Wala Kiingereza hakina uchawi hapa. Mgeni anayejifunza Kiswahili naye anashangaa kwa nini tunapiga simu, pasi, kura na picha bila kumuumiza yeyote.

Tangazo lako basi:

Kioski hiki kinaendeshwa na kikundi cha akina mama. Ukimaliza kuchota, funga mfereji. Usiache maji yakitiririka. Leo klorini imetuishia: chemsha maji kabla ya kunywa.