Ukijifungulia ukweni kwenye mila usizozijua, ongea kabla mtungi haujafunikwa

Naandika hii kwa dada zangu mlioolewa mbali na kwenu na sasa mna mimba. Mimi ni wa Muheza, nimeolewa Sibu, mji ulio kando ya mto Rajang kule Sarawak, Malaysia, na ukweni kwangu ni Wafoochow, yaani Wachina ambao mababu zao walitoka pande za Fuzhou, mkoa wa Fujian, wakaanza kufika Sibu mwaka 1901 wakiongozwa na Wong Nai Siong, wengi wao Wamethodisti, na hadi leo Kifoochow utakisikia sokoni pale.

Kwetu mzazi anatunzwa arobaini: anakandwa maji ya moto, anafungwa tumbo kwa kanga, anakunywa uji wa pilipili manga. Kwao ni siku 30, na kwa kweli nilipoambiwa nikaona mbona ni yale yale tu, nikajiachia sikuuliza kitu. Hapo ndipo nilipokosea.

Mimba ilipofika miezi sita hivi nikamkuta mama mkwe jikoni anapika mchele wa kunata kwa mvuke, akauacha ukapoa, akachanganya na hamira yao na ule mchele mwekundu wa kuchachulia, akatia kwenye mtungi akaufunika vizuri. Nikadhani ni mambo ya sikukuu. Kumbe ule mvinyo mwekundu ulikuwa wangu mimi, wa kupikia kuku wa mzazi! Kwao mzazi anakula kuku aliyepikwa na tangawizi nyingi, mafuta ya ufuta na huo mvinyo, anamwagiwa juu ya mee sua, zile tambi nyembamba kama uzi ambazo ndiyo dua yao ya maisha marefu, na anakula hivyo karibu kila siku mwezi mzima.

Sasa mimi pombe sijawahi kuonja maishani, halafu nesi alishaniambia kliniki kwamba pombe inapita kwenye maziwa na kupika hakuiondoi yote. Siku ya kwanza kutoka hospitali naletewa bakuli, linanukia, mama mkwe amesimama ananiangalia nile, na mimi nikasema siwezi. Hakunijibu. Siku mbili hakuongea na mimi, analeta chakula anaweka anaondoka, mimi nalia mtoto analia. Mpaka mume wangu alipokaa naye akamweleza taratibu, ndipo akasema miezi mitatu yote amekuwa akiuangalia ule mtungi akinifikiria mimi. Nililia tena, safari hii kwa kumhurumia. Jioni ile akapika sufuria mbili, moja ya mvinyo ya wengine, nyingine yangu ya tangawizi na ufuta tu, na ilikuwa tamu jamani.

Kwa hiyo dada, ukiona tu maandalizi yameanza, keti na mama mkwe wako umuulize atakupikia nini, utaoga vipi, kitu gani huruhusiwi, na kama kuna usichoweza kiseme siku hiyo hiyo, mume awepo. Mengine kubali tu. Maji ya baridi hakuna, feni imezimwa na Sibu joto lake ni kama la Tanga mwezi wa pili, basi mi nilikuwa nakunywa chai ya tende nyekundu za Kichina ya uvuguvugu kwa wingi ili maziwa yasikatike. Kuosha nywele ni mwiko, ila wifi alinitonya mapema nikasuka twende kilioni wiki moja kabla, sikusumbuka kabisa.

Kwenye afya ya mtoto lakini usikubali kitu kirahisi. Siku ya nne macho ya mwanangu yalikuwa ya njano, mashangazi wakasema mtoe juani asubuhi atapona, ila nesi anayepita majumbani alimwona akasema hospitali sasa hivi, akawekwa kwenye taa za bluu siku mbili. Kule watoto wakizaliwa wanapimwa G6PD, yaani kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu zisivunjike, na wangu alikuwa na upungufu huo, tukaambiwa vile vidonge vyeupe vinavyowekwa kabatini kufukuza wadudu visiguse nguo zake kabisa. Mama mkwe alikuwa ameviweka kwenye nguo zote za mtoto, kwa upendo tu. Akazifua zote upya usiku ule ule. Na huku kwetu Afrika upungufu huo upo sana, kwa hiyo hata wewe uliyeko nyumbani ulizia.

Siku ya 30 nyumba ilijaa. Mayai yalichemshwa yakapakwa rangi nyekundu, tukagawa kwa majirani na watu wa kanisani, mama yangu yuko kwenye simu kutoka Muheza anauliza hayo mayai mmeyafanyaje, na mama mkwe anamwonyesha moja moja kwenye kamera, hawaelewani lugha ila wanacheka wote wawili. Mtungi ukafunguliwa tena, wageni wakala kuku wa mvinyo mpaka sufuria ikabaki tupu. Bakuli langu lilikuja peke yake, la tangawizi, na mayai mawili juu.