Maswali na Majibu: Kitenzi werden na Ukoo Wake

Swali: Katika kamusi ya asili ya maneno nimekuta *werþaną, na nyota mbele. Nyota ya nini?

Nyota ina maana kwamba neno hilo, la Kigermaniki cha awali na mzazi wa werden ya Kijerumani ("kuwa", yaani kuingia katika hali mpya), halijapatikana limeandikwa popote. Wanaisimu wamelijenga kwa kulinganisha watoto wake: wairþan la Kigothi (limo katika Biblia iliyotafsiriwa na askofu Wulfila, karne ya 4), weorþan la Kiingereza cha kale, verða la Kiaislandi, worden la Kiholanzi na werden la Kijerumani. Herufi þ isome kama th ya "thelathini".

Swali: Na hilo lenyewe limetoka wapi?

Kwenye mzizi *wert-, "kugeuka", wa lugha ya kale zaidi iliyozaa pia Kilatini na Kisanskriti. Kilatini kina vertere, Kisanskriti vartate. Ukisema "maji yamegeuka kuwa barafu" umepita njia ileile, toka kugeuka hadi kuwa. Hata utingo anayemwambia dereva apige rivasi yumo katika ukoo huu: rivasi ni ya Kiingereza, na Kiingereza kiliipata kwa revertere ya Kilatini.

Swali: Najifunza Kijerumani. Werden inanichanganya, mara wakati ujao, mara kutendwa.

Usiitazame werden peke yake, tazama inaandamana na nini. Ikifuatwa na jina au kivumishi ni "kuwa": Er wird Arzt, anakuwa daktari. Kitenzi kisichonyambuliwa (kama kilivyo kwenye kamusi) kikikaa mwisho wa sentensi ni wakati ujao: Er wird kommen, atakuja. Mwishoni pakiwa na umbo kama gebaut ni kutendwa: Das Haus wird gebaut, nyumba inajengwa, kazi ya -wa yetu.

Wengi hukwama kwenye wakati timilifu. Amekuwa daktari ni ist Arzt geworden, lakini nyumba imejengwa ni ist gebaut worden, bila ge-. Ukiandika gebaut geworden umekosea. Na anayetoka kwenye Kiingereza ajihadhari na bekommen: maana yake ni kupata. Ich bekomme ein Kind ni "napata mtoto", si "nakuwa mtoto"!

Swali: Mbona Kiingereza cha leo hakina kitenzi hiki?

Kilisukumwa nje na become, ambayo mwanzoni ilikuwa "kufika". Mabaki yapo: weird, iliyokuwa wyrd, yaani majaliwa, yale yanayokuja kumpata mtu, na kiambishi -ward cha homeward, "kuelekea nyumbani", ni cha mzizi uleule. Kiswidi nacho kimeiacha varda katika mazungumzo ya kawaida, kikashika bli, neno la Kijerumani cha kaskazini lililomaanisha "kubaki".